Fulana Ishirini za Marehemu

Marehemu aliingia studio kwangu saa nne asubuhi, siku ya mnada, akaniomba maji kwa ishara ya mkono.

Sisemi mtu aliyefanana na marehemu. Nasema yeye. Uso ule ule niliouchapa mimi kwenye fulana ishirini, nikaukuza, ukatiwa fremu, ukatundikwa sebuleni kwa watu na kufanyiwa ibada.

Mtu aliyezikwa miaka kumi na tisa iliyopita.

Kama una moyo mwepesi, vuta kiti usome ukiwa umekaa. Mimi nilikuwa nimesimama, nikajikuta nimekaa chini na kiti hakikuwepo.

Naitwa Scola. Studio yangu iko hapa Itigi, si mbali na stesheni. Napiga picha za passport, natoa kopi, nachapa fulana. Na umbea upo, tena ni bure. Nina mabenchi mawili ya wateja na sikumbuki lini yalikaa matupu. Anayesubiri treni anakaa kwangu, aliyenuniwa na mumewe anakaa kwangu, asiye na shida yoyote ndiye anayekaa mpaka jioni.

Napenda hivyo. Mimi nyumba ikiwa kimya naumwa kichwa.

Wateja wakipungua nasoma simu. Simulizi za mtandaoni nazisoma mpaka chai inaota ngozi. Aliyeoa jini, aliyeamka mochwari, msukule, yule aliyezikwa kumbe wachawi wamemficha, aliyekutwa analima shamba la jirani. Jumapili naenda kanisani na sadaka natoa, lakini msukule nilikuwa namwamini kama ninavyoamini mvua. Usinicheke, na wewe unawajua waliokuwa wakiamini.

Sasa twende.

Mwezi wa tano alikuja Paschal, kijana wa bodaboda wa kijiwe cha hapo mbele yangu, na mdogo wake Magreth. Paschal ameshika bahasha ya kaki utadhani amebeba yai bichi.

"Shikamoo Da Scola."

"Marahaba. Leo una adabu hivyo, umegonga ng'ombe wa nani?"

Hakucheka. Akafungua bahasha.

Ndani mlikuwa na picha ya zamani ya kwaya. Watu kama thelathini mbele ya kanisa kule Kintinku. Akaweka kidole mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto. Uso mdogo kama punje ya mtama, umeingia ukungu, macho huyaoni.

"Huyu ndiye baba."

Baba yao alikuwa anaitwa Alute. Alifia Kintinku, Paschal ana miaka minne, Magreth bado tumboni. Mama yao, Mama Paschal, akabeba watoto akahamia huku Itigi, akalima, akawalea. Picha ya marehemu ikabaki hiyo moja.

Mwezi wa nane walipanga kwenda Kintinku kujengea kaburi na kuweka msalaba. Walitaka uso wa baba uwe mkubwa kwenye fremu, na fulana ishirini za ukoo na marafiki.

"Sijawahi kumuona baba," Magreth akasema. "Nataka tu nijue nimefanana na nani."

Hapo ndipo nilitakiwa kusema ukweli. Punje ya mtama haikuzwi ikawa uso.

Lakini mimi nishindwe? Na benchi zima linasikiliza?

"Mwachieni Da Scola," nikasema.

Nilikuwa nimepakua programu moja ya simu, inasafisha picha za zamani kwa akili bandia. Nikaiwekea ile picha. Ikaniuliza maswali. Nikabonyeza Ruhusu. Ikauliza tena. Ruhusu. Ikaandika maelezo marefu, mimi huyo na kidole changu: Sawa, Sawa, Ruhusu.

Nikaenda kumhudumia mteja. Niliporudi, mwanaume mzima alikuwa ananitazama kwenye kioo.

Paji pana, pua imenyooka, macho yametulia. Nywele unahesabu moja moja. Mwili ukanisisimka.

Nilikaa na ule uso saa nzima nikirekebisha mwanga, mpaka nikawa namjua kuliko wajomba zangu.

Siku walipokuja kuuchukua, Paschal alitoka nje akasimama nyuma ya pikipiki yake akilia kama mtoto. Magreth akaenda kwenye kioo changu cha wateja, akashika pua yake.

"Nimechukua pua," akasema. "Da Scola, ona, nimechukua pua ya baba."

Tuliipeleka fremu nyumbani kwao kwa msafara. Mama Paschal alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Akasimama mbele ya ile picha. Akasimama sana.

"Ndiye, mama?" Magreth akauliza.

 Akageuka akamtazama binti yake usoni.

"Umefurahi?"

"Sana, mama."

"Basi."

Akarudi jikoni. Mimi nikasema moyoni, maskini, uchungu umemrudia. Kumbe.

Fulana zilitoka wiki tatu kabla ya safari, na fulana mpya haisubiri msiba wala sherehe. Vijana wa kijiwe walizivaa siku hiyo hiyo. Shoga yangu Joyce, ambaye ni kiti cha kudumu kwenye benchi langu, naye aliivaa ya kwake "kuipima tu." Ile siku ya mnada alikuwa anaipima kwa siku ya tatu.

Basi saa nne, Joyce ameketi anamenya karanga, marehemu kifuani. Gari la mizigo likasimama barabarani, likashusha mtu, likaondoka.

Yule mtu akaingia.

Nguo zimejaa moshi. Miguu ina mikwaruzo ya vichaka. Akanitazama, akaweka mkono mdomoni kama anayekunywa.

Maji.

Kisha macho yake yakaenda kwenye kifua cha Joyce.

Akaganda. Akanyoosha kidole kwenye ile fulana.  Akakirudisha kwenye kifua chake mwenyewe.

Kama anayesema: huyo ni mimi.

Joyce aliinama kujitazama, akainua kichwa kumtazama yeye, akajitazama tena. Karanga zikamwagika.

"Yesu wangu! Scola! ALUTE!"

Ndipo nilipokaa chini pasipo na kiti.

Yule mtu akafungua mdomo aseme. Kikatoka kitu kama mlio wa ndama. Ndani ya mdomo palikuwa na dude nene, la zambarau, limejaa mpaka kwenye meno.

"Wamemkata ulimi!" Joyce akapiga kelele. "Msukule! Ni msukule!"

Na mimi, badala ya kumpa mtu maji, nilifanya nini?

Nikampiga picha.

 Nikaituma kwenye grupu letu la mtaa lenye watu mia mbili na zaidi, na sauti juu: "Jamani Itigi, mzee Alute wa kwenye fulana amerudi, yuko hapa kwangu, mwambieni Paschal!"

Dakika kumi hazikuisha, mlango wangu haukuonekana kwa watu.

Paschal alifika akaiacha pikipiki ikaanguka yenyewe. Akapiga magoti mbele ya yule mtu.

"Baba."

Yule mtu akatikisa kichwa.

"Baba, ni mimi Paschal. Uliniacha mdogo."

Akatikisa kichwa kwa nguvu, akarudi nyuma mpaka ukutani. Sasa fikiria na wewe: pande zote watu wenye uso wako vifuani, wanakuita marehemu, na huwezi kusema neno. Ile hofu niliyoiona machoni kwake mimi niliisoma vibaya. Nilidhani ni hofu ya aliyetoka kaburini.

"Amesahaulishwa," watu wakasema.

"Mbona hajazeeka?"

"Msukule hazeeki, we vipi."

Mzee Nathan, fundi viatu wa jirani yangu, akauliza kwa utulivu wake, "Wanasema wachawi huzika mgomba badala ya mtu. Sasa huku kwetu kwa ukame huu, mgomba waliutoa wapi?"

 Ningemsikiliza yule mzee hii simulizi ingeishia hapa.

Wakampeleka uwanjani karibu na mnada, kwenye turubai la maombi la Mtumishi Benson. Wakamlaza kwenye mkeka. Wanaume wanne wakamshika mikono na miguu. Mtumishi akaanza kukemea, watu wanaitikia, vumbi linapanda. Yule mtu anatupa kichwa huku na huku, anakoroma.

"Mnaona? Pepo linakataa kumwachia!"

Na hapa ndipo naomba Mungu anisamehe, maana mimi mwenyewe nilipaza sauti:

"Mpeni chumvi! Nilisoma mtandaoni, msukule akilamba chumvi anakumbuka jina lake!"

Kila mtu akaniona mtaalamu. Mwanamke mmoja akakimbia kutafuta chumvi. Wakaanza kuikoroga kwenye jagi.

Mimi nikakimbilia studio. Nilitaka nitafute picha ya fremu niiweke pamoja na ile niliyompiga asubuhi, niirushe kwenye grupu, watu waone wenyewe. Yaani wakati mtu anakabwa, mimi nawaza grupu.

Nikafungua ile programu. Nikaivuta kazi ya Alute. Kwa mara ya kwanza tangu niipakue, nikateremka mpaka chini ya ukurasa.

Palikuwa na maandishi madogo: *Uso umekamilishwa kwa kutumia picha inayofanana kwenye simu yako.*

Na pembeni yake, picha ndogo.

Passport. Kitambaa changu cha bluu nyuma. Paji pana, pua imenyooka, macho yametulia.

Nikaibonyeza. Ilikuwa ya mwezi wa nne, ile siku warina asali walipokuja kwa wingi kujaza fomu za chama chao. Siku hiyo niliwapiga watu zaidi ya sitini. Huyu nikamkumbuka kwa sababu alikuwa amenuna, nikamwambia, "Kaka, nyuki wakikuona hivyo watahama mzinga," akacheka, nikasubiri acheke amalize, ndipo nikampiga.

Jina nililoandika: Simeoni.

Jamani!

Hakuna msukule. Programu ilikosa uso wa Alute, ikachukua wa mteja wangu. Na mimi ndiye niliyeiruhusu.

Halafu akili ikafanya kazi kwa mara ya kwanza siku ile. Mrina asali. Moshi kwenye nguo. Ulimi mnene wa zambarau. Huyu hajakatwa ulimi. Huyu ametafuna sega lenye nyuki ndani, akachomwa ulimi, na ulimi unavimba.

Unavimba, na wao wanamkorogea maji ya chumvi.

Nitakuambia ukweli ambao sikumwambia hata Joyce. Nilisimama pale mlangoni. Sikutoka.

Nilihesabu. Nikisema, watu mia tatu watajua uso walioulilia ni wa uongo wangu. Paschal aliyepiga magoti. Vijana wa kijiwe. Watu waliopandwa na jazba vile wanahitaji mtu wa kumalizia hasira, na mtu huyo ningekuwa mimi.

Nisiposema, Simeoni anakufa. Na hapo hakuna atakayejua. Watasema marehemu amerudi kupumzika.

Hilo la pili ndilo lililonisukuma nje. Maana niliona jinsi lilivyo rahisi.

Nilikimbia na viatu mkononi. Nilipofika walikuwa wameshamnywesha fundo la kwanza. Anakohoa, macho yamegeuka mekundu, shingo imetoka mishipa.

"Mwachieni! Anaitwa Simeoni! Ni mrina asali! Uso nilikosea mimi, ni simu!"

Mtumishi Benson hakufungua hata macho. "Mnasikia? Sasa adui anatumia watu wa karibu."

"Mtumishi, mtu amechomwa na nyuki!"

"Toka, Da Scola," Paschal akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ndiyo iliyonitisha. "Usiniondolee baba yangu mara ya pili."

Nikainua simu nionyeshe. Mtu akaipiga ikaanguka. Kijana mmoja akanishika blauzi kwa nyuma. Mwingine akasema, "Huyu ndiye mchawi aliyekuwa anamfuga, ndiyo maana alikuja kwake kwanza!"

Nilisikia neno "mchawi" likipita kwenye ule umati kama moto kwenye nyasi kavu. Nikajua nimekwisha. Niliwahi kusoma simulizi nyingi zinazofika hapo. Sikuwahi kuwa ndani ya moja.

Kisha watu wakaanza kupisha.

Magreth alikuwa amekwenda kumleta mama yake. Mama Paschal alikuja taratibu, kanga kiunoni, mikono ina unga.  Watu walisubiri aanguke, alie, amkumbatie mumewe.

Akainama. Akamtazama yule mtu kwenye mkeka.

"Huyu simjui."

Mtumishi akafungua macho. "Mama, ni mshtuko. Mtazame vizuri, mtazame na fulana."

"Nimemtazama." Akanyanyuka. Akaelekeza kidole kwenye kifua cha kijana aliyenishika. "Na huyo wa kwenye fulana simjui pia. Sijawahi kumjua tangu siku alipotundikwa sebuleni kwangu."

Paschal alisimama kama aliyepigwa. "Mama? Lakini..."

"Baba yako alikuwa na makengeza, mwanangu."



"Makengeza kweli kweli. Siku alipokuja kunichumbia nilidhani anamtazama dada yangu. Nikamwambia, dada, umepata mchumba. Akasema, si yeye, ni wewe. Tumekaa miaka sita, akinitazama mimi, mgeni anadhani anatazama mlango. Huyu wa picha ana macho mazuri. Alute hakuwa na macho mazuri. Mwachieni mtoto wa watu anakufa."

Wale wanaume wanne wakamwachia kana kwamba mkeka umewaka moto.

Aliyemnyanyua ni Paschal.  Alimweka mbele ya abiria mwingine kwenye pikipiki ili asianguke, akaondoka kuelekea hospitali kwa mwendo ambao sijawahi kumuona nao. Watu wakaanza kutawanyika, kila mmoja akitazama miguu yake. Wengine walizigeuza fulana, ndani nje.

Nilibaki nimekaa kwenye mkeka wenye maji ya chumvi. Mama Paschal akakaa karibu yangu.

"Mama, kwa nini hukusema siku ile?"

"Ningesemaje? Mtoto wangu ameshika pua mbele ya kioo anafurahi." Akakung'uta unga mikononi. "Nilifikiri uongo mdogo wa furaha hauli mtu. Leo umetaka kula. Kwa hiyo kosa si lako peke yako, Scola."

Simeoni alilazwa siku mbili, wakamchoma sindano, ulimi ukarudi. Nilikwenda kumuomba radhi nikiwa na uji kwenye chupa, na hotuba niliyoikariri njiani. Nilipofika hotuba ikapotea.

Nilimuuliza swali moja tu lililokuwa linaninyima raha. Kwa nini, kati ya nyumba zote za Itigi, aliingia kwangu?

Alikuwa bado anaongea kwa shida.

"Mji huu sina ninayemjua. Wewe ulinichekesha ile siku ya passport. Nikasema, yule dada atanisaidia."

Nilitoka nje nikalia mpaka nesi akaja kuniuliza nimefiwa na nani.

Kisha, ili ujue binadamu walivyo, alipopona alikuja studio akauliza ile fremu kubwa iko wapi. "Mama yangu hana picha yangu. Kama hamuitaki, nipeni." Paschal mwenyewe ndiye aliyemletea. Fremu ya marehemu sasa iko kwa mama mzaa chema, na mwenyewe yuko hai anarina asali.

Kintinku walikwenda mwezi wa nane kama walivyopanga. Nami nilikwenda. Kwenye msalaba waliweka ile picha ya kwaya kama ilivyo, na ukungu wake, bila kusafishwa. Magreth aliiinamia muda mrefu.

"Mama, hapa alikuwa anatazama kamera?"

Mama Paschal akacheka, machozi yanamtoka. "Nani ajuaye, mwanangu. Labda alikuwa ananitazama mimi. Nilisimama upande ule mwingine kabisa."

Simulizi bado nasoma. Benchi bado limejaa. Lakini simu ikiniuliza "Ruhusu?", nasoma mpaka neno la mwisho, hata kama mteja amenuna. Na mtu akiingia kwangu hawezi kusema, sishiki simu kwanza.

Na wewe unayesoma hapa, siku mtu wa ajabu akisimama mlangoni kwako na mkono mdomoni, usimuulize ametoka kaburi gani.

Mpe maji.